Risasi inayoingia mwilini bila mlio

MZEE mmoja wa miaka 61 aliingia katika kliniki yangu hapa Nairobi akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa amewasili majuma matatu kabla kutoka Marekani, ambako ameishi kwa zaidi ya miaka 20 akiendesha malori katika jimbo la Texas. Alikuja nyumbani kwa mazishi ya dadake, na akabaki kwa sababu ya ugonjwa.

Kabla ya kunifikia, alikuwa amekwisha kuwaona madaktari wawili. Wa kwanza alimtibu homa ya matumbo. Wa pili alimpa dawa za vidonda vya tumbo. Hakupata nafuu kwa yeyote.

Maumivu yake yalikuwa ya kunyonga, yakija na kuondoka. Hakuwa amepata choo kwa siku nne. Viungo vilimuuma, usingizi ulimpaa, na mkewe alilalamika kwamba siku hizi mumewe ni mwepesi wa hasira na hakumbuki alikoweka funguo. Nilimpima nikaona shinikizo la damu liko juu na uso umepauka.

Nami, msomaji, nisijitoe katika lawama. Siku ile nilikuwa nimekwisha kuandika jina la dawa ya tumbo kwenye karatasi. Kilichonizuia ni jibu la maabara. Damu ilikuwa pungufu, na mtaalamu aliyeitazama kwa darubini aliandika kwamba ndani ya chembe nyekundu kulikuwa na madoadoa ya buluu. Madoadoa hayo yana sababu kadhaa, lakini moja wapo humfanya daktari aliyesoma vitabu vyake kuketi wima.

"Mzee, mikono yako hufanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Usukani tu, Daktari. Na sasa nimestaafu."

"Na nyumbani, wakati wa mapumziko?"

Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaniambia kwamba jioni na mwisho wa juma husubu vichwa vya risasi vya bastola yake ya zamani.

Nilitoa damu nyingine nikaipeleka katika maabara kubwa, kwani kipimo nilichokitaka hakifanywi kila mahali. Jibu lilirudi baada ya siku kumi. Katika kila mililita 100 za damu yake kulikuwa na mikrogramu 64 za risasi.

"Mzee," nikamwambia, "mwilini mwako mna risasi."

Akacheka. "Daktari, mimi sijapigwa risasi hata siku moja."

Hakuwa na kosa kunielewa hivyo. Lugha yetu, kama Kiarabu ilikolitoa neno hilo, huyaita madini na kile kinachotoka kwenye bunduki kwa jina moja. Lakini risasi niliyokuwa nikimwambia haihitaji bunduki wala adui. Huingia kupitia pua na mdomo, polepole, bila mlio.

Kazi yenyewe

Huenda msomaji akashangaa mtu anawezaje kutengeneza risasi nyumbani. Kule Marekani uraibu huu ni wa miaka mingi na hauvunji sheria. Wenye bastola za zamani wana sababu zao. Ya mzee huyu ilikuwa Webley ya Uingereza, ya aina ambayo jeshi la nchi hiyo lilianza kuitumia mwaka 1915. Babake, aliyekuwa askari polisi enzi za ukoloni, alikuwa akimsimulia juu ya Webley iliyoning'inia kiunoni mwa mkubwa wake Mzungu. Mzee alipoikuta moja ikiuzwa huko Texas, hakuweza kuiacha.

Tatizo ni kwamba risasi za bastola hiyo si rahisi kupatikana madukani siku hizi, na zinapopatikana ni ghali. Basi mwenye bastola hutafuta madini ya risasi kuukuu, mathalani vile vipande vinavyobanwa kwenye magurudumu ya magari ili yasitikisike, akayayeyusha na kusubu vichwa vyake mwenyewe.

Kichwa kimoja cha Webley kina uzani wa gramu 17 hivi, karibu chote ni risasi tupu. Kitakoni kina shimo, ili baruti inapolipuka gesi ikitanue, nacho kizibe mtutu barabara. Ndiyo maana hutakiwa risasi laini. Ikichanganywa na bati au antimoni nyingi huwa ngumu, na haitanuki inavyotakiwa.

Risasi huyeyuka inapofika nyuzi 327 za Selsiasi. Wanaosubu huipasha zaidi, hadi nyuzi 370 au 400 hivi, ndipo itiririke vizuri ndani ya kalibu. Uchafu huelea juu ya chungu, nao huenguliwa kwa kijiko. Kalibu hufunguliwa, vichwa huanguka juu ya kitambaa, vikameta kama sarafu mpya.

Vikishapoa huja kazi ya pili, ya kuvisawazisha. Kila kichwa hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, kisha husukumwa kwa mashine ndogo ya mkono ili kipite katika tundu la chuma lenye kipimo kamili. Hapa hutafutwa usawa wa sehemu moja kwa elfu ya inchi, wembamba unaoshinda unywele. Kichwa kikiwa chembamba mno, gesi ya moto hupenya ubavuni mwake na kuupaka mtutu risasi. Kikiwa kinene mno, hakiingii kwenye silinda. Mzee aliniambia kwamba jioni moja aliweza kusawazisha vichwa 200.

Mkosaji si moshi peke yake

Nilipomweleza chanzo cha ugonjwa wake, mzee alibisha. "Daktari, mimi si mjinga. Nilifungua mlango wa gereji, nikawasha feni, nikavaa barakoa. Moshi haukunipata."

Katika hilo alikuwa na sehemu ya haki. Risasi haichemki mpaka ifike takriban nyuzi 1,750. Katika joto analotumia anayesubu kwa uangalifu, mvuke wake ni kidogo. Huanza kuwa hatari kubwa joto linapopita nyuzi 480 hivi, kama inavyotokea mtu anapotumia moto wa gesi au makaa bila kipimajoto. Wengi katika uraibu huu wanalijua jambo hilo, na ndilo linalowafanya wajione salama.

Lakini kuna vumbi. Ule uchafu unaoelea juu ya chungu ni risasi iliyoungana na hewa, nayo ni unga mwepesi wa kijivu au manjano. Ukienguliwa na kutupwa kwenye kopo, hupeperuka. Feni ikiwa mahali pabaya huutawanya ukutani, sakafuni na nguoni.

Nikamuuliza juu ya ile kazi ya kusawazisha. "Aah, hiyo ni kazi ya baridi," akajibu. "Hiyo nafanya kwenye meza ya jikoni nikitazama mpira."

"Huku ukila nini?"

Akanyamaza kidogo. "Njugu."

Msomaji, mwizi alikuwa hapo. Vidole vilivyopakaa nta hunasa risasi laini, na vidole hivyo hivyo vikaingia kwenye bakuli la njugu kisha mdomoni, mara kwa mara, jioni baada ya jioni. Kazi aliyoiogopa, ya moto, aliifanya kwa barakoa. Ile ambayo hakuiogopa aliifanya akila.

Yalikuwapo mengine. Alikuwa na mashine ya kutikisa maganda yaliyokwisha kutumika ili yang'ae, nayo akiifungua hutoa vumbi. Vumbi hilo hutoka kwenye mabaki ya fataki, zile zinazowasha baruti, kwani fataki nyingi za kisasa zina risasi ndani yake. Kila alipopiga shabaha katika ukumbi uliofungwa, alivuta hewa ya aina hiyo hiyo. Gereji aliifagia kwa ufagio mkavu. Nguo za kazi zilifuliwa pamoja na za jamaa yote.

Inavyodhuru mwili

Mwili hauna kazi yoyote na risasi. Hauihitaji hata chembe. Ila huidanganyikia, kwa sababu kwa tabia inafanana na chokaa inayojenga mifupa. Basi mwili huipokea kama mgeni mwema na kuiweka akiba.

Katika damu, nusu ya risasi huondoka kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Katika mifupa hukaa miaka kumi, ishirini na zaidi, ikirudi kwenye damu kidogo kidogo. Mwanamke aliyeikusanya ujanani anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Mzee wangu alikuwa ameacha kazi ile kwa majuma matatu alipopimwa, na bado kipimo kilikuwa 64. Yamkini alipopanda ndege kilikuwa juu zaidi.

Risasi huzuia mwili kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu, ndipo mtu akapauka na kuchoka. Huchokoza mishipa ya fahamu ya utumbo, ndipo tumbo likanyonga na choo kikafunga. Hupandisha shinikizo la damu na kuchakaza figo. Huharibu kumbukumbu na hali ya moyo. Kwa wanaume hupunguza nguvu za mbegu, na kwa wajawazito yaweza kuharibu mimba. Ikizidi sana, kifundo cha mkono hulegea, au mgonjwa akapata kifafa na kupoteza fahamu.

Ubaya wa dalili hizi ni kwamba hakuna hata moja iliyo ya risasi peke yake. Tumbo la kunyonga ni la vidonda, uchovu ni wa uzee, hasira ni za maisha. Mgonjwa hutibiwa kila kitu isipokuwa kile anachougua.

Simu ya kwenda Texas

Nilipokuwa nikimwandikia mzee barua ya kwenda kwa mtaalamu wa hospitali, nilimuuliza ni nani wanaoishi katika nyumba yake kule Marekani. "Binti yangu," akasema, "na mjukuu wangu wa miaka mitatu. Huyo ndiye rafiki yangu wa gereji."

Tulimpigia binti simu palepale. Nilimsalimu, nikamweleza kwa utaratibu. Akanyamaza, kisha akauliza: "Daktari, mtoto wangu hajaanza kuunga maneno. Tulidhani ni kwa sababu tunamsemesha lugha tatu. Ni hii?"

Sikuweza kumjibu kwa hakika, na hata leo siwezi. Watoto wengi huchelewa kusema kwa sababu nyingine. Nilichomwambia ni hiki: "Dada yangu, mpeleke akapimwe kesho."

Kipimo cha mtoto kilikuwa 19. Kwa mtu mzima asiye na dalili, nambari hiyo yaweza kuonekana ndogo. Kwa mtoto si ndogo hata kidogo. Marekani, tangu mwaka 2021, mtoto anayefikisha 3.5 huhesabiwa kuwa amepata risasi kupita wenzake, na hatua huchukuliwa. Shirika la Afya Duniani, mwaka huo huo wa 2021, lilishauri kwamba yeyote mwenye kipimo cha 5 au zaidi atafutiwe chanzo na kiondolewe. Shirika hilo linasema pia kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Mtoto huumia kuliko mtu mzima kwa sababu tatu. Hutambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Utumbo wake hufyonza hadi karibu nusu ya risasi anayomeza, hali wa mtu mzima hufyonza sehemu ndogo tu. Tena ubongo wake ungali unajengwa, na kile kinachoharibika wakati huo hakijengwi upya.

Mzee alisikia mazungumzo yote. Alitoka kliniki akiwa hazungumzi.

Je, hapa kwetu?

Yaweza kusemwa kwamba habari hii ni ya Marekani na haituhusu. Ni kweli kwamba Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki wala risasi bila cheti, na uraibu wa mzee huyu haujaingia mitaani kwetu. Lakini chungu cha risasi kimo.

Kimo kwa mvuvi anayesubu chubwi za kuzamisha mshipi na nyavu. Kimo kwa fundi anayeunganisha bomba, na kwa kijana anayepasua betri kuukuu za magari nyuma ya nyumba ili auze madini yaliyomo. Hata wale wanaosubu risasi huko Marekani huonyana wasiguse betri, kwa kuwa zina asidi, na madini yake huchanganywa na vitu vinavyoweza kutoa gesi za sumu. Hapa kwetu betri ndiyo hazina, na jiko ni karai juu ya makaa, bila kipimajoto na bila mlango wa kufungua.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawahitaji kusimuliwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kando ya nyumba zao tangu 2007 hadi 2014. Watoto walipimwa wakakutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alidhurika, alitetea wakazi hao na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Nje ya Kenya yako makubwa zaidi. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 baada ya watu kuchambua mchanga wenye mabaki ya betri. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa mwaka 2010, kwa sababu mawe ya dhahabu yaliyosagwa nyumbani mwao yalikuwa na risasi.

Tiba, na habari ya maziwa

Tiba ya kwanza si dawa. Ni kumwondoa mtu kwenye risasi, au kuiondoa risasi kwa mtu. Zipo dawa zinazoikamata risasi katika damu na kuitoa kwa mkojo. Mojawapo humezwa na huitwa saksima, nyingine hutiwa kwa mshipa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa hizo kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini wenye kipimo cha 45 au zaidi. Kwa watu wazima hutegemea kipimo na dalili. Hutolewa na mtaalamu, na kumpa mgonjwa ambaye bado anakula na kulala penye risasi ni kazi bure.

Wengi huamini kwamba glasi ya maziwa kila siku huitoa sumu. Waajiri wengine huwapa wafanyakazi maziwa na kudhani wamemaliza wajibu. Maziwa ni chakula kizuri. Mtu mwenye upungufu wa chokaa au chuma mwilini hufyonza risasi kwa wingi zaidi, kwa hivyo maziwa, mboga za majani, maharagwe na nyama vina faida. Lakini maziwa hayawi badala ya kunawa mikono, wala hayaitoi risasi iliyokwisha kuingia mfupani.

Ukilazimika kuifanya kazi hii

Kwa yeyote anayeyeyusha au kushika risasi, iwe kwa chubwi au kwa jambo jingine, nashauri hivi:

Fanya kazi nje, mbali na nyumba, jikoni na mahali pa kuchezea watoto. Mjamzito na mtoto wasikaribie.

Usile, usinywe wala usivute sigara mahali pa kazi. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kutia kitu mdomoni, hata kama hukugusa moto siku hiyo.

Weka nguo na viatu vya kazi peke yake. Vifue peke yake. Oga kabla ya kumbeba mtoto.

Usifagie kikavu. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Yale makapi yanayoenguliwa yatie katika kopo lenye kifuniko, na usiyamwage shambani wala kwenye mtaro.

Sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi jikoni kamwe.

Usitie kipande chenye maji katika risasi iliyoyeyuka. Tone moja likizama hugeuka mvuke ghafula na kurusha madini ya moto usoni. Vaa miwani na glavu.

Usipasue betri. Iuze nzima kwa wanaoruhusiwa kuikusanya.

Pimwa damu angalau mara moja kwa mwaka, na ukiwa na mtoto nyumbani, apimwe pia.

Baada ya miezi sita

Mzee alitibiwa hospitalini, tumbo likatulia, na damu ikapanda. Miezi sita baadaye kipimo chake kilikuwa kimeshuka hadi 27. Bado hakijafika panapotakikana, kwa sababu mifupa ingali inalipa deni la miaka mingi.

Binti yake aliisafisha nyumba kwa maji, akatupa zulia la gereji na kuiondoa meza ya jikoni. Mtoto hakuhitaji dawa. Kipimo chake kilishuka hadi 8, na anahudhuria kwa mtaalamu wa kuwafunza watoto kusema. Siku hizi huunga maneno mawili au matatu. Kama atafika pale ambapo angefika, hakuna daktari awezaye kuapa.

Nilimuuliza mzee kama ataendelea na uraibu wake. Akasema bastola ataiweka kwa ajili ya kumbukumbu ya babake, lakini chungu na kalibu amekwisha kuvitoa nyumbani. "Daktari," akaongeza, "miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza mikono yangu hufanya nini nikitoka kazini."

Hilo ni neno letu sisi madaktari. Kwako wewe msomaji, usingoje kuulizwa. Ukienda hospitali na tumbo lisilopona, mweleze daktari kazi yako ya mchana, kisha umweleze na ile ya jioni.